Pikapu ya daraja kwa gitaa la mtindo wa kale: ulinganisho kwa wapigaji wa Unguja na Pemba

Mpigaji wa gitaa la umeme lenye umbo la Stratocaster, liwe la Fender lenyewe au nakala iliyotengenezwa Indonesia au China, kwa kawaida huilalamikia pikapu moja (kile kifaa kilicho chini ya nyuzi, chenye sumaku na koili, yaani waya uliozungushwa, kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme) kuliko nyengine zote, nayo ni ile iliyolala mshazari karibu na daraja, yaani kipande kinachozishika nyuzi kwenye kiwiliwili cha gitaa. Husema kwamba sauti yake ni nyembamba, kali na inachoma sikio, na mara tu anapopata fedha kidogo huanza kuuliza anunue ipi aiweke mahali pake. Makala hii inalinganisha aina zinazouzwa kwa ajili ya nafasi hiyo kwa kuzingatia mambo matatu ambayo mpigaji wa Zanzibar hawezi kuyakwepa: mvumo wa umeme, chumvi ya bahari, na ala anazopiga nazo. Nambari ya ukinzani iliyoandikwa kwenye boksi, ambayo wanunuzi wengi huanza nayo, nimeiweka nyuma ya hayo matatu, na sababu zake nitazieleza.

Kabla ya kununua

Stratocaster ilipoingia sokoni mwaka 1954 ilikuwa na pikapu tatu za namna moja, ingawa uzi hautikisiki kwa kiasi kimoja katika urefu wake wote. Karibu na daraja uzi husogea kidogo sana, kwa hiyo pikapu iliyo hapo hupokea nguvu ndogo, na sehemu kubwa ya inachokipokea ni sauti za juu. Isitoshe, katika mpango wa asili wa nyaya za gitaa hilo, vizungushio viwili vya toni vinahudumia pikapu ya shingo na ya kati peke yake, na ile ya daraja, ambayo ndiyo kali kuliko zote, imeachwa bila toni yoyote. Malalamiko mengi kuhusu pikapu "mbovu" yanaanzia hapo, wala hayahusiani na sumaku au koili.

Kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole, kikilehemiwa kwenye swichi ili pikapu ya daraja ipite kwenye toni ya pili, humpa mpigaji uwezo wa kuupunguza ukali kwa kiasi anachokitaka, na fundi redio yeyote huimaliza kazi hiyo kabla mteja hajamaliza chai yake. Jambo la pili la kuangalia ni kimo. Kwa pikapu za mtindo wa kale, Fender hupendekeza nafasi ya milimita 2.4 chini ya uzi mnene na milimita 2 chini ya uzi mwembamba, nyuzi zikiwa zimebanwa kwenye freti ya mwisho. Magitaa ya bei nafuu mara nyingi hufika yakiwa na pikapu zilizozama mno upande mmoja na kupanda ovyo upande wa pili. Wapo watakaoyafanya haya mawili wakaona hawana tena haja ya kununua kitu, na kwa maoni yangu hao ndio watakaokuwa wamefaidika zaidi na makala hii.

Kiloomu zinasema nini, na hazisemi nini

Anayeendelea na nia ya kununua atakutana na nambari: kiloomu 6, kiloomu 8, kiloomu 16. Imezoeleka kudhani kwamba nambari ikiwa kubwa basi pikapu ina nguvu zaidi, lakini nambari hiyo hupima ukinzani wa waya wa shaba tu. Waya wa geji 42, uliotumika katika pikapu nyingi za miaka ya 1950, una unene wa takriban milimita 0.063, na ule wa geji 43 una takriban milimita 0.056. Mizunguko ikiwa sawa, huo mwembamba husomeka juu kwa karibu robo nzima, na gitaa halijaongezeka nguvu hata kidogo.

Joto nalo lina mchango wake. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, kwa hiyo pikapu iliyopimwa kiwandani kwenye nyuzi 20 ikaandikwa kiloomu 8 itasomeka karibu 8.4 katika karakana ya Mjini wakati wa kaskazi, fundi akiwa ametundika feni ya mezani na jasho linamtiririka juu ya mita. Nimewaona wanunuzi wakimshutumu muuzaji kwa tofauti kama hiyo, nao walikuwa wakipima hali ya hewa.

Kinachoamua tabia ya pikapu kwa ukweli zaidi ni indaktansi yake, yaani uwezo wa koili kupinga mabadiliko ya umeme, ambayo hupimwa kwa henri, pamoja na waya mrefu unaoipeleka sauti kwenye amplifaya. Vitu viwili hivyo hukutana na kutengeneza kilele, yaani mahali ambapo sauti za juu husimama kabla ya kuporomoka. Tuchukue waya wa mita 6, ambao kwa kawaida huwa na kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, ya takriban pikofaradi 600, na tuongeze 100 za pikapu yenyewe. Koili moja ya mtindo wa kale yenye henri 2.4 itakuwa na kilele karibu na hezi 3,900, yaani mitikisiko 3,900 kwa sekunde. Pikapu ya koili mbili ya mtindo wa mwaka 1957, yenye henri 4.4 hivi, itakuwa nacho karibu na 2,900. Na ile ya koili mbili iliyosheheni waya, yenye henri 8, kilele chake hushuka hadi karibu na 2,100. Sikio la mwanadamu ni jepesi mno baina ya hezi 2,000 na 5,000, na ndiyo maana tofauti hizi husikika hata na mtu asiyejua lolote kuhusu magitaa.

Kutokana na hesabu hiyo pia inaonekana kwamba mpigaji aliyezoea waya wa mita 3 nyumbani, kisha akatumia waya wa mita 6 jukwaani, ameibadilisha pikapu yake bila ya kuigusa. Anayetaka kulinganisha pikapu mbili kwa haki na azilinganishe kwa waya mmoja.

Koili moja ya kale na ile iliyoongezwa mizunguko

Aina ya kwanza ya kuzingatia ni ile inayorudisha kilichokuwepo: vijiti sita vya sumaku ya alniko (aloi ya chuma, alumini, nikeli na kobalti) ya namba tano, waya wa geji 42 uliozungushwa mara 8,000 hivi, na ukinzani wa kiloomu 6 au chini kidogo. Ikiwa gitaa lililopo ni la bei nafuu sana, kuna uwezekano mkubwa kwamba vijiti vyake si sumaku bali ni chuma cha kawaida, na sumaku yenyewe ni bamba la seramiki lililogundishwa chini. Mtu akilitoa bati la mbele na kuipindua pikapu ataliona bamba hilo waziwazi. Kutoka kwenye seramiki hiyo kwenda kwenye vijiti vya alniko ni badiliko kubwa, kwani noti huanza kusikika kila moja peke yake na mguso wa ukucha husikika tofauti na mguso wa kidole. Kutoka kwenye alniko moja kwenda kwenye alniko nyengine ya namna hiyohiyo, fedha hutoka nyingi na tofauti hurudi ndogo.

Jambo moja la mtindo wa kale halifai kwa wapigaji wa leo. Vijiti vya pikapu za zamani vina vimo tofauti kwa sababu uzi wa tatu wakati ule ulikuwa umefungwa waya juu yake, na kijiti chake kiliinuliwa ili usizidiwe na nyenzake. Leo karibu kila seti ya nyuzi ina uzi wa tatu ulio wazi, nao juu ya kijiti kilichoinuka hupiga kelele kuliko wenziwe. Kwa hiyo baina ya pikapu mbili zilizo sawa kwa mengine yote, ile yenye vijiti vilivyo sawasawa kwa kimo ndiyo ya kuchukua, hata kama haifanani sana na picha za mwaka 1954.

Aina ya pili ni koili moja ileile iliyoongezwa mizunguko hadi kiloomu 7 au 8, aghalabu ikiwa na bamba la chuma chini yake. Wazo la bamba hilo limetoka kwa Telecaster, gitaa ambalo lilitangulia kwa jina la Broadcaster mwaka 1950, na ambalo pikapu yake ya daraja ina bamba la chuma lililopakwa shaba. Bamba hupandisha indaktansi kidogo na kuinenepesha sauti ya katikati, bila ya kuyaua yale makali yanayompa mpigaji wa solo nafasi ya kusikika. Kwa mpigaji wa dansi au wa zilipendwa ambaye gitaa lake hujibizana na tarumbeta, naiona hii kuwa ni chaguo lenye busara zaidi katika familia ya koili moja. Inaziba ule upungufu wa nguvu wa nafasi ya daraja, na mpigaji akihamisha swichi kutoka shingoni hadi darajani, sauti haishuki ghafla kama inavyoshuka kwa pikapu tatu zinazofanana.

Aina zote mbili zina kasoro moja kubwa, nayo ni mvumo.

Mvumo wa umeme wetu

Umeme wa Zanzibar ni wa volti 230 na hezi 50, na koili moja ni antena nzuri sana ya kuunasa mvumo wa hezi hizo hamsini pamoja na watoto wake wa 100 na 150. Mpigaji wa chumbani hugeuka kidogo kwenye kiti chake na mvumo hupungua. Mpigaji wa jukwaani hana uhuru huo, kwa kuwa amewekwa baina ya transfoma za amplifaya, taa zinazopunguzwa na kuongezwa mwanga, na chaja za simu za nusu ya kikundi zilizochomekwa kwenye soketi moja. Waliopiga muziki Unguja wakati wa lile giza la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ulipoharibika mpango wa umeme unaotoka bara, wanaujua pia mvumo wa jenereta, ambao haukai kwenye hezi 50 bali hupanda na kushuka kila friji la hoteli linapowaka au kuzimika.

Ni lazima kutenganisha kelele mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ipo kelele ya kukwaruza, inayotokana na taa na chaja, na ambayo hupungua mpigaji akizishika nyuzi kwa mkono. Hiyo huzuilika kwa kulizungushia tundu la ndani la gitaa karatasi ya shaba iliyounganishwa na waya wa ardhi. Karatasi ya alumini ya jikoni hufanya kazi hiyohiyo, ila haishiki risasi ya kulehemu, kwa hiyo waya wake lazima ubanwe kwa skrubu. Kelele ya pili ni mvumo mzito wa sumaku unaotoka kwenye transfoma, na huo haujali shaba wala alumini. Dawa yake ni koili ya pili iliyozungushwa kinyume.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo kwa jambo ambalo sipendi kulinyamazia. Wapo wanaoutoa waya wa ardhi kwenye plagi ya pini tatu ili mvumo upungue. Amplifaya ikiwa na hitilafu, njia pekee itakayobaki ya umeme huo kwenda ardhini ni nyuzi za gitaa, mikono ya mpigaji, na midomo yake ikigusa maikrofoni. Hakuna pikapu inayostahili hatari hiyo.

Pikapu zenye koili ya pili ambazo huingia kwenye nafasi nyembamba ya Stratocaster bila ya kuchonga mbao ni za namna mbili. Ya kwanza ina koili mbili zilizopangwa moja juu ya nyengine: ile ya juu husikia nyuzi na mvumo, ile ya chini husikia mvumo zaidi, na mivumo hiyo miwili huuana. Viwanda vya DiMarzio, Seymour Duncan na Fender vyote vinazo za namna hii. Kwa nje huonekana kama pikapu ya kale, na sauti yake huikaribia sana ingawa haiifikii. Kinachopotea ni sehemu ya ule wepesi wa juu, ambao koili ya chini huula kidogo pamoja na mvumo. Mtu anayesikiliza akiwa peke yake kwa spika nzuri atautambua upungufu huo. Katika ukumbi wenye feni, watu na ngoma, sidhani.

Namna ya pili ina koili mbili nyembamba zilizolala ubavu kwa ubavu, na badala ya vijiti sita ina vyuma viwili virefu kama reli. Hot Rails ya Seymour Duncan ndiyo mfano unaojulikana zaidi: sumaku ya seramiki, ukinzani wa zaidi ya kiloomu 15, na sauti nzito ambayo haitambuliki tena kuwa ni ya Stratocaster. Faida yake moja ya kivitendo haitajwi sana. Kwa kuwa chuma ni kirefu na hakina mapengo, upana wa nyuzi haumsumbui mtu, na uzi unapovutwa pembeni haupotei baina ya vijiti viwili. Magitaa ya nakala, ambayo nyuzi zake mara nyingi zimekaa karibu zaidi kuliko zile za daraja la zamani la Fender, hunufaika na jambo hilo. Hasara yake ni kwamba pikapu ya kati na ya shingo, zikibaki za kale, huonekana dhaifu mbele yake, na swichi ikiwekwa baina ya daraja na kati, ile sauti ya kioo ambayo watu wamelinunulia gitaa hilo hutoweka. Zipo reli za wastani zenye waya mchache, na kwa anayetaka reli ningeshauri aanzie huko.

Chumvi

Jambo hili haliandikwi katika maelezo ya viwanda vya Marekani, na kwetu linaweza kuzidi mengine yote. Katika muundo wa Fender, waya hauzungushwi juu ya kiunzi cha plastiki, bali huzungushwa moja kwa moja kuvizunguka vijiti vya sumaku, pakiwa na utando mwembamba wa vanishi au gundi baina yao. Alniko ina chuma nyingi ndani yake, na chuma hushika kutu. Jasho la mkono likichanganyika na hewa ya bahari, kutu huanzia kwenye kichwa cha kijiti, huteremka ubavuni, na mwisho wake hukutana na waya ulio mwembamba kuliko unywele.

Pikapu moja niliyoiona ikifunguliwa kwa fundi redio wa Mwanakwerekwe ilitoka kwenye gitaa la kikundi kinachopiga hotelini, upande wa pwani ya mashariki. Juu haikuwa na kasoro ila duara la rangi ya kahawia kukizunguka kijiti cha uzi wa kwanza, doa ambalo mtu angelifuta kwa kidole na kulisahau. Mita haikusoma kitu. Fundi alipoukata mkanda na kuitazama koili kwa kioo cha kukuzia, tabaka la ndani kabisa lilikuwa limegeuka kijani mahali pamoja tu, sawasawa na pale kijiti kilipopita. "Haikuungua hii, bwana," alisema, "imeliwa na chumvi."

Muundo wa Gibson, kampuni nyengine ya magitaa ya Marekani, umenusurika na tatizo hili, kwa kuwa waya wake umezungushwa kwenye kiunzi cha plastiki na sumaku imelala chini. Skrubu zake zitashika kutu na zitaonekana vibaya, lakini kutu hiyo haina njia ya kuufikia waya. Reli nyingi, na baadhi ya zile zenye koili ya juu na ya chini, nazo hutumia viunzi vya plastiki, na inafaa muuzaji aulizwe kabla ya kulipwa. Kwa kinyume kidogo cha matarajio, hata ile pikapu ya bei nafuu yenye bamba la seramiki kwa kawaida hutumia plastiki, na huenda ikadumu ufukweni kuliko nakala ghali ya pikapu ya mwaka 1954.

Anayeshikilia vijiti vya alniko na azipake ncha zake vanishi ya kucha isiyo na rangi, tabaka moja jembamba, aache ikauke usiku kucha, na baada ya kila onyesho apanguse kwa kitambaa kikavu. Asiliache gitaa ndani ya gari lililofungwa mchana wa Nungwi au Wete: nta ya parafini inayozuia koili kupiga mluzi huyeyuka kwenye nyuzi 50 hadi 60 za sentigredi, na gari lililoegeshwa juani halikosi kufika karibu na hapo.

Magitaa yenye nafasi kubwa

Wenye gitaa la mtindo wa Les Paul ya Gibson, lenye nafasi pana ya pikapu, wana maamuzi mafupi zaidi. P-90, ambayo Gibson iliitoa mwaka 1946, ni koili moja pana ya mizunguko 10,000 hivi. Ina sauti ya katikati yenye mikwaruzo mizuri ambayo haina mfano, na inavuma kuliko pikapu zote zilizotajwa hapa. Kwa studio ni johari. Kwa jukwaa linaloendeshwa na jenereta ni mateso. Pikapu ya koili mbili iliyobuniwa na Seth Lover, mhandisi wa Gibson, ambaye ombi la hataza yake liliwasilishwa mwaka 1955, ilianza kuonekana kwenye magitaa mwaka 1957, na nakala zake za leo, zenye kiloomu 7 hadi 9, ndizo ninazoziona salama kwa karibu kila mtu: kimya, wazi, na zisizojali chumvi. Zikiwa na kava, liwe la nikeli-fedha. Kava la shaba ya njano ya bei nafuu hufifisha sauti za juu.

Zile zenye nguvu nyingi, kama Super Distortion ya DiMarzio iliyotoka mwaka 1972 au JB ya Seymour Duncan, zilikusudiwa kuilazimisha amplifaya ya taa za vali kuvunja sauti. Super Distortion husomeka chini ya JB kwa kiloomu, na hakuna aliyezipiga zote mbili atakayeiita dhaifu, jambo linalothibitisha tena udhaifu wa nambari hiyo. Anayepiga roki na azichukue kwa moyo mmoja. Kwa mpigaji anayeunganisha gitaa kwenye mikisa ya ukumbi na sauti safi, nguvu hiyo yote huishia kupunguzwa kwa mkono wa fundi mitambo.

Ala zinazozunguka gitaa

Vikundi vya taarab asilia, kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vimejengeka juu ya fidla, akodiani, kanuni, udi na besi. Gitaa la umeme limezoeleka zaidi katika taarab ya kisasa, lakini lipokelewapo karibu na fidla, kilele cha hezi 3,900 hukaa palepale ambapo fidla hung'ara na ambapo konsonanti za mwimbaji hutambulikana. Hapo pikapu kali ya daraja huwa kama mgeni anayemkatiza mwenye nyumba. Muziki huu pia una utulivu: mwimbaji humaliza ubeti, kila ala husimama, na mvumo ambao roki ingeufunika husikika hadi viti vya nyuma. Kwa hiyo, kinyume na wengi wanaodhani kwamba pikapu zisizovuma ni za wapiga muziki mzito, nasema zinahitajika zaidi hapa. Chaguo langu kwa mpigaji wa taarab mwenye Stratocaster ni koili mbili za juu na chini, toni ikiwa imeunganishwa na kuteremshwa hadi karibu nusu.

Kwa vikundi vya hoteli za Paje na Kendwa, vinavyoanza na rege jioni na kuishia na dansi usiku, mambo hubadilika. Mpigaji mmoja hutakiwa awe na sauti nne katika onyesho moja, na reli ya wastani yenye nyaya nne, ambayo koili yake moja inaweza kuzimwa kwa swichi, humpa mbili kati ya hizo bila ya kubadilisha gitaa. Akiizima koili, mvumo unarudi. Hilo alikubali mapema. Kwa anayejifunza, kwa mfano wanafunzi wa chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilichoanzishwa mwaka 2002, koili moja ya alniko yenye bamba la chuma inatosha kabisa, kwa sababu haifichi kosa la mkono wa kulia. Na anayekusudia kupanda jukwaa kubwa la Ngome Kongwe wakati wa Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, achague kimya kabla ya uzuri: muda wa kutengeneza sauti kwa kila kikundi ni mfupi, na fundi mitambo hatakuwa na nafasi ya kutafuta mvumo wa mtu mmoja.

Kuifunga

Koili moja huzoea vizungushio vya kiloomu 250, na koili mbili za ukubwa kamili huzoea 500. Reli ikiingizwa katika Stratocaster yenye 250 itapoteza makali kidogo, na kwa Hot Rails hilo huenda likawa ni upungufu. Kwa reli ya wastani naona linafaa na sioni sababu ya kuvibadilisha.

Linalowashinda wengi ni mwelekeo wa umeme wa pikapu. Pikapu mpya ikiwa na mwelekeo wa kinyume na ile ya kati, kila moja itasikika vizuri peke yake, lakini zikiwashwa pamoja sauti itakuwa tupu na ya puani. Fundi mwenye mita ya mshale anaweza kulijua hilo kabla ya kulehemu: huunganisha nyaya za pikapu kwenye mita, huweka bisibisi juu ya vijiti, kisha huiinua kwa ghafla na kutazama mshale unarukia upande gani. Hufanya vivyo hivyo kwa pikapu ya kati, na mishale ikirukia pande tofauti, nyaya mbili za ile mpya hubadilishana nafasi. Ila ikiwa pikapu ina bamba la chuma au kava lililounganishwa na waya wa ardhi, kiungo hicho lazima kikatwe kwanza na kupewa waya wake, la sivyo bamba litageuka kuwa antena.

Nyaya za pikapu mpya zisifupishwe hadi gitaa lipigwe kwa sauti kamili pamoja na kikundi, kwa sababu wauzaji wengi hawaipokei tena pikapu iliyokatwa nyaya, na aliyeiagiza kupitia ndugu aliyeko Dar es Salaam au Dubai hatakuwa na njia nyepesi ya kuirudisha hata hiyo ambayo haikukatwa.